Maswali ya Wasomaji: Mtoto, Simu na Watu Asiowajua

Barua za toleo hili zote zinahusu usalama wa watoto mtandaoni. Zilizofanana tumezijibu pamoja, na majina ya waliotuandikia hatuyatoi. Kuna jambo moja litakalojirudia kwenye majibu mengi, nasi tunalirudia kwa makusudi: mipangilio ya simu ni kinga ya kwanza tu, na ina matundu. Mtoto akijua kwamba akisema hatapigwa wala kunyang'anywa simu, atasema mapema, na mambo mengi mtandaoni huokolewa kwa kusemwa mapema.

SWALI: Nimemnunulia binti yangu wa miaka tisa simu ya Android kwa sababu anakwenda shule peke yake. Kijana aliyetuuzia alimfungulia akaunti akaweka tarehe yoyote ya kuzaliwa ili kazi iishe. Sasa anapakua michezo anavyotaka. Nianzie wapi?
– Mama wa watoto watatu

JIBU: Anzia hapo hapo kwenye tarehe ya kuzaliwa, Mama. Akaunti ikisema mwenye simu ana miaka 25, YouTube, duka la programu na matangazo vyote vitamhudumia kama mtu mzima, na hakuna mzazi atakayeombwa ruhusa. Usijaribu kuiziba akaunti hiyo kwa mipangilio midogo midogo. Hifadhi picha na namba anazozihitaji, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Pakua Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, kwenye simu yako wewe, umfungulie binti akaunti mpya kwa tarehe yake ya kweli. Kwa umri wake, akaunti hiyo itakuwa chini ya usimamizi wako tangu mwanzo.

Simu mbili zikishaunganishwa, weka mambo haya siku hiyo hiyo, kwa sababu ukisema utamalizia kesho hutamalizia. Kila programu mpya isubiri idhini yako. Weka saa ya simu kulala, tuseme saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na usiku iwe inachajiwa sebuleni. Kwenye Chrome, kwa umri wa miaka tisa, chagua hali inayoruhusu tu tovuti ulizozitaja; ile inayojaribu kuzuia tovuti za ngono inafaa akishakua kidogo. Badala ya YouTube ya kawaida mpe YouTube Kids, na humo ndani zima sehemu ya kutafuta.

Sasa matundu. Simu nyingi huja na kivinjari cha pili cha kampuni iliyoitengeneza, na masharti uliyoyaweka kwenye Chrome hayakihusu, kizime. Namba yako ya siri mtoto ataijua kwa kutazama kidole chako, kwa hiyo usiiandike akiwa kando. Tena elewa kwamba Family Link inakuonyesha programu gani zinatumika na kwa muda gani, haikuonyeshi ujumbe anaoandikiwa. Kwa hiyo usimwekee bado programu ya kuchati na watu wasiojulikana ukidhani utaona.

Wenye iPhone: mambo haya yako kwenye mipangilio ya Muda wa Skrini, ukishamwingiza mtoto kwenye kundi la familia. Namba ya siri ya sehemu hiyo iwe tofauti kabisa na ile ya kufungulia simu. Kosa la kuzifananisha ndilo linalowafungulia mlango watoto wengi. Hakikisha pia kwamba kipengele kinachofunika picha za utupu kwa ukungu kabla mtoto hajaziona kimewashwa.

SWALI: Sina uwezo wa kumnunulia mtoto simu. Anatumia yangu jioni kwa kazi za shule na katuni. Ana miaka sita. Juzi alimtumia bosi wangu ujumbe wa sauti, na kabla ya hapo nilimkuta anaangalia video mbaya iliyoingia kwenye kundi la WhatsApp.
– Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Video ile hakuitafuta. WhatsApp iliipakua yenyewe na kuiweka pamoja na picha zenu za nyumbani, naye akaikuta alipofungua picha. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote za kupakua moja kwa moja, upande wa data ya simu na upande wa Wi-Fi pia. Wengi huzima upande mmoja, kisha wakifika penye Wi-Fi mambo yanarudi yale yale. Halafu nenda kwenye mipangilio ya gumzo, uzime chaguo linaloonyesha picha na video za WhatsApp kwenye matunzio ya simu. Malizia kwa kuifunga WhatsApp yenyewe kwa alama ya kidole.

Kwa katuni, tumia kipengele cha kubandika programu. Kinapatikana kwenye mipangilio ya usalama ya Android: kiwashe, na ukubali kwamba namba ya siri iombwe kabla ya kubandua. Fungua programu ya katuni, nenda kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni, gusa alama ya programu hiyo, uchague kubandika. Hapo mtoto hawezi kutoka nje ya katuni.

Upande wa pesa, namba ya siri ya kutuma pesa isifanane na ya kufungulia simu. Na kwenye Google Play chagua kuulizwa nenosiri kila ununuzi. Lile chaguo la kuulizwa kila baada ya dakika 30 linamwachia mtoto nusu saa ya kununua vitu vya mchezo bila kizuizi, mara tu baada ya wewe kununua kimoja.

SWALI: Shule yetu imepata kompyuta 40 na intaneti. Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta, na fundi tunamwita tukiwa na pesa. Nichuje vipi tovuti mbaya bila kununua mitambo?
– Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, njia nyepesi ni kuchuja kwa DNS. Kila kompyuta inapofungua tovuti huuliza kwanza anwani yake kwa seva ya DNS. Ziko seva ambazo zikiulizwa anwani ya tovuti ya ngono au yenye programu hasidi hukataa kujibu. Kampuni ya Cloudflare inatoa huduma hiyo bure tangu 2020 kwa namba 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ziandike kwenye ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti shuleni, si kwenye kompyuta moja moja, ili kila kifaa kitakachounganishwa kizipokee.

Kazi hii huharibikia mahali panapojulikana. Pa kwanza ni kuchanganya na 1.1.1.1, ambayo ni ya kampuni hiyo hiyo lakini haichuji chochote. Pa pili, na hapa ndipo tunapoona makosa mengi, ni kuweka namba ya kwanza ya kuchuja na ya pili 8.8.8.8, ya Google isiyochuja, "ya akiba". Kompyuta haisubiri ya kwanza ife ndipo itumie ya pili. Inaweza kuuliza yoyote, na chujio linavuja bila dalili. Zote mbili ziwe za kuchuja. Pa tatu ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti: kama mtoa huduma wenu anaitumia, nayo ina namba zake za DNS, na ukiziacha wazi wanafunzi watapitia humo.

Kisha zuia kwenye ruta maombi ya DNS, yaani mlango 53, kwenda kwingine kokote. Kwenye vivinjari zima chaguo la DNS salama, kwa sababu linaweza kuikwepa ruta yako. Kama ruta inaruhusu kuelekeza majina, elekeza www.google.com kwenda forcesafesearch.google.com, na www.youtube.com kwenda restrict.youtube.com, hapo utafutaji salama hauzimiki hata mwanafunzi akibonyeza kila kitu. Badilisha nenosiri la ruta lililokuja nayo, maana wanafunzi hulisoma kwenye kibandiko chini ya kifaa.

Kila mwanafunzi aingie kwa akaunti ya kawaida, isiyo na uwezo wa kusakinisha programu. Bila hilo, VPN moja (programu inayopitisha intaneti kwa njia ya pembeni, nje ya chujio) inayobebwa kwenye flashi inafuta kazi yote hiyo. Wi-Fi ya walimu iwe tofauti na ya wanafunzi.

Ukimaliza, kaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi, kwa akaunti ya mwanafunzi, ujaribu mwenyewe kuvunja ulichojenga. Rudia kila muhula, na kila mara fundi anapogusa ruta.

Chujio hili linajua jina la tovuti tu. Haliwezi kuona video moja mbaya ndani ya YouTube wala matusi ndani ya barua pepe, na mwanafunzi mwenye bando lake haligusi kabisa. Kwa hiyo panga meza zikizunguka kuta, skrini zikitazama katikati ya chumba, mwalimu aweze kuziona zote akiwa amesimama mahali pamoja. Hilo halihitaji pesa, na linafanya kazi hata siku chujio limekufa.

SWALI: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 15. Alikuwa anachati na msichana aliyemfuata Instagram. Wakabadilishana picha. Sasa huyo mtu anadai pesa, la sivyo atazituma kwa familia na shule nzima. Amenionyesha ujumbe: "Una dakika 10. Nina orodha ya marafiki zako wote." Wazazi hawajui. Tafadhali jibuni haraka.
– Dada mkubwa

JIBU: Dada, tulikujibu kwa barua siku tuliyopokea yako, hapa tunaweka jibu kwa ajili ya wengine walio kwenye hali hiyo na hawajaandika.

Usimwache peke yake, hasa usiku wa kwanza. Hili tunaliweka juu ya yote. Wako vijana waliojitoa uhai ndani ya saa chache za vitisho vya namna hii, wakiamini maisha yameharibika. Mwambie wazi kwamba yeye ndiye aliyetendewa uhalifu. Hawa ni watu wanaofanya kazi hiyo kila siku: akaunti ya msichana yenye picha za kuibwa, mazungumzo matamu, picha ya kwanza wanatuma wao, kisha wanaomba ya mtoto. Hakukuwa na msichana.

Msilipe, hata kidogo. Anayelipa anaonyesha kwamba analipika, na dai la pili huja kubwa zaidi. Kama alishalipa, acheni sasa hivi, na mpige simu mara moja kwa kampuni iliyopitisha pesa mkiwa na namba ya muamala. Mara nyingine pesa huzuiwa kabla haijatolewa.

Msifute mazungumzo wala akaunti. Kwanza kusanyeni ushahidi: ukurasa wa mtu huyo ukionyesha jina la akaunti lenyewe (lile la kuingilia, kwa sababu jina la kuonekana hubadilishwa kwa sekunde), kiungo cha ukurasa, ujumbe wa vitisho ukiwa na tarehe na saa, namba ya simu, na akaunti aliyotaka itumiwe pesa. Kwenye programu ambazo ujumbe hutoweka, kama Snapchat, piga picha kwa simu nyingine, maana Snapchat humjulisha mtu kwamba skrini yake imepigwa picha. Picha ya utupu yenyewe msiinakili wala kuituma kwa yeyote, hata kwa mwalimu au polisi kwa WhatsApp. Ni picha ya mtoto, na kuisambaza ni kosa la jinai katika nchi nyingi hata ukiwa na nia njema. Polisi waione kwenye simu yake.

Ushahidi ukishakuwepo, ripotini akaunti hiyo ndani ya programu, kisha mzuieni. Mpangilio huo una maana: ukianza kuzuia, baadhi ya programu huficha ukurasa na mazungumzo, nawe unabaki mikono mitupu. Akaunti ya mdogo wako iwe ya faragha, na orodha ya marafiki ifichwe, kwa sababu hiyo ndiyo silaha anayotishia nayo.

Kwa picha yenyewe kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inapokea watu wa nchi yoyote, mradi aliye kwenye picha alikuwa chini ya miaka 18 ilipopigwa. Picha haitoki kwenye simu yenu. Simu hutengeneza alama ya tarakimu inayoitambulisha picha hiyo, na alama hiyo ndiyo hupelekwa kwa kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha ikipakiwa huko itambulike na kuondolewa. Mipaka yake ijulikane: haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp, na picha iliyohaririwa huwa na alama nyingine. Kwa hiyo wekeni alama za nakala zote mlizo nazo.

Nendeni polisi kwenye dawati la watoto, mkianza kwa kusema umri wake. Pigeni pia namba ya msaada kwa watoto ya nchi yenu. Na shuleni ajulishwe mtu mzima mmoja mnayemwamini, ili picha ikifika huko aizime badala ya kuanza kuulizana ni nani.

Kuhusu wazazi: waambieni leo, wewe ukiwa umekaa kando yake. Mwambie baba au mama kabla mdogo wako hajaingia chumbani, kwa sentensi mbili, na uwaombe wasipandishe sauti. Anayetishia anategemea kitu kimoja tu, nacho ni mtoto kuwaogopa wazazi kuliko anavyomwogopa yeye.

SWALI: Wanafunzi wa darasa langu wana kundi la WhatsApp. Mwanafunzi mmoja ametengenezewa vibandiko vya kumdhihaki, na sasa imezuka picha ya binti wa darasa hilo akiwa utupu, iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Mkuu wa shule anasema yametokea nje ya geti, hayatuhusu.
– Mwalimu wa darasa

JIBU: Yanawahusu, Mwalimu. Anayedhihakiwa na wanaomdhihaki wanakaa chumba kimoja kesho asubuhi, na aliyeumizwa ndiye atakayeacha kuja.

Mambo haya mawili yashughulikieni tofauti. Vibandiko ni uonevu: pigeni picha za skrini zenye jina, namba na tarehe kabla ya mtu yeyote kuanza kufuta, kisha kiongozi wa kundi avifute kwa wote, maana WhatsApp inampa uwezo huo. Ukiripoti kundi, WhatsApp hupokea ujumbe tano za mwisho tu, kwa hiyo ripotini mapema kabla matusi hayajasukumwa juu na mazungumzo mengine. Ongeeni na waliotengeneza mmoja mmoja, kamwe si mbele ya darasa, na mwonevu na mwonewa msiwakutanishe "wapatane" siku ya kwanza.

Picha ya binti ni jambo zito zaidi. Kwamba ni ya kutengenezwa haipunguzi kitu kwake, na nchi nyingi zinaihesabu kama picha halisi ya unyanyasaji wa mtoto. Mwalimu yeyote asiombe kutumiwa "ili aone". Simu yenye picha izimwe, iwekwe kwenye bahasha na kufungiwa na mkuu wa shule mbele ya shahidi, mzazi wa binti na mzazi wa mwenye simu waitwe siku hiyo, kisha polisi. Binti aambiwe kila hatua kabla haijachukuliwa. Take It Down inafaa hapa pia.

Kwa siku zijazo: shule iwe na mwalimu mmoja wa ulinzi wa mtoto anayejulikana kwa jina na kila mwanafunzi, na wa pili wa kumshika mkono asipokuwepo. Iwe na daftari la matukio linalofungiwa: tarehe, nani alisema, nini kilifanyika. Mawasiliano ya mwalimu na mwanafunzi kwa simu yapite kwenye kundi lenye watu wazima wawili, asiwepo mwalimu wa kuchati na mwanafunzi faraghani usiku, hata kwa hesabu za nyumbani.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka kumi anacheza mchezo wa kompyuta na "rafiki" anayempa zawadi humo ndani. Hajawahi kumwona. Wazazi wake wanasema ni mchezo tu.
– Babu

JIBU: Babu, umeona vizuri. Zawadi peke yake si ushahidi. Watoto hupeana vitu vya mchezo kila siku. Angalia kinachofuata baada ya zawadi. Mtu mwenye nia mbaya hufuata njia inayofanana: anasifu, anatoa, anasikiliza manung'uniko ya mtoto kuhusu nyumbani, kisha anajaribu siri ndogo ("usimwambie mama kwamba nimekupa"). Siri ikitunzwa, anaomba wahamie kwenye programu nyingine ya kuchati, nje ya mchezo. Ombi hilo la kuhama ndilo lisiongojewe lirudiwe. Mchezo una wachuja maneno na kitufe cha kuripoti. Huko anakotaka wahamie hakuna wa kuona.

Kaa naye acheze, umwulize kwa upole: huyu ulikutana naye wapi, anajua shule yako, amewahi kukuomba picha, amewahi kukwambia usiseme? Usianze na lawama. Kisha wazazi waingie kwenye mipangilio ya mchezo, wazime mazungumzo ya sauti, na wanaoweza kumwandikia wabaki marafiki anaowajua ana kwa ana. Kwenye Roblox, kwa mfano, mzazi anaweza kuunganisha akaunti yake na ya mtoto akaamua nani azungumze naye na kiasi gani kitumike kwa mwezi. Mfundisheni pia kwamba ukurasa wowote unaoahidi pesa za mchezo bure ukiomba nenosiri, unaiba akaunti.

Kama ameshaombwa picha au kukutana, rudini kwenye jibu tulilompa Dada mkubwa kuhusu ushahidi na polisi.

SWALI: Shule ya mwanangu hupakia picha za wanafunzi Facebook, zenye majina na darasa. Nikilalamika naambiwa ni fahari ya shule. Nina haki?
– Baba wa mwanafunzi

JIBU: Unayo, na nchi zenye sheria ya kulinda taarifa binafsi zinaitaja. Sura, jina kamili, sare yenye nembo na saa ya kutoka shuleni vikikaa pamoja, mgeni yeyote anaweza kusimama getini na kumwita mtoto kwa jina.

Andikia shule barua, uombe mambo haya: fomu ya idhini inayotenganisha matumizi (ubao wa shule, kundi la wazazi, mtandao wa wazi), kila moja na kisanduku chake, picha za wazi zisiwe na majina, picha ifutwe mzazi akiomba, na kamera ya shule izimwe alama ya mahali. Picha iliyopigwa na simu huweza kubeba ndani yake vipimo vya mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha taarifa hizo huondolewa, lakini ukiituma kama hati zinabaki. Wazazi nao wanaopakia picha za sherehe ya shule wakumbuke kwamba kuna watoto wa wenzao nyuma ya wao.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Nimeona programu ya kupeleleza ujumbe wote bila yeye kujua. Niiweke?
– Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Hapana, Mama. Programu hizo nyingi hukutaka kwanza uzime ulinzi wa simu ndipo zisakinike, kisha ujumbe na picha za binti yako zinakwenda kukaa kwenye seva ya mtu usiyemjua. Siku akigundua, na watoto hugundua, atatafuta simu ya pili, na wewe hutakuwa na habari yoyote. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maelezo yake namba 25 ya mwaka 2021, ilisema pia kwamba kumfuatilia mtoto kidijitali kusifanyike kama mazoea wala bila yeye kujua.

Kinachofaa ni ukaguzi wa wazi. Mwambie: kila Jumapili tunakaa pamoja, tunaangalia nani amekufuata, uko kwenye makundi gani, na vifaa gani vimeunganishwa na WhatsApp yako. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu mtu akishika simu yake kwa dakika moja anaweza kuunganisha kompyuta na kusoma kila kitu kimya kimya. Kwenye mipangilio ya faragha, wekeni pamoja: anayeweza kumwingiza kwenye makundi awe tu yule aliyemhifadhi, picha yake ionekane kwa hao hao, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe. Tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe mfupi asimpe mtu yeyote, hata akijiita rafiki wa darasani.

Akifika miaka 15 mfanye ukaguzi kwa mwezi. Ukiona dalili za hatari ya karibu, kama zawadi zisizo na maelezo, simu kufichwa ghafla, kukosa usingizi au majeraha ya kujiumiza, fungua simu, na umwambie siku hiyo hiyo kwamba umeifungua na kwa nini.

KWA UFUPI

Kwa nini mitandao mingi inasema miaka 13? Kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za walio chini ya umri huo bila ruhusa ya mzazi. Namba hiyo inahusu taarifa. Haisemi kwamba mtoto wa miaka 13 yuko tayari.

Shule izuie simu kabisa? Ripoti ya elimu ya UNESCO ya mwaka 2023 ilishauri teknolojia itumike darasani pale tu inaposaidia kujifunza, na darasa lisilo na simu hutulia. Mkizuia, amueni nani anazitunza, zinarudishwa saa ngapi, na mzazi apige namba gani kukiwa na dharura. Marufuku hayo hayafiki saa tatu usiku, kwa hiyo masomo ya usalama yaendelee pale pale.

Mtoto anazungumza na roboti ya akili mnemba kama rafiki. Nimwache? ChatGPT yenyewe haikusudiwi walio chini ya miaka 13, na walio chini ya 18 wanahitaji ruhusa ya mzazi. Aitumie sebuleni, asiweke jina lake, shule wala picha, na ajue kwamba hujibu kwa uhakika hata inapokosea. Akiwa anaipelekea huzuni zake, tafuta mtu wa kuzungumza naye wiki hii.

Mwanangu ameona ponografia kwa bahati mbaya. Nimwambie nini? Mshukuru kwa kusema. Muulize aliona nini na anafikiri nini, umjibu kwa kadiri ya umri wake, kisha rekebisheni kwa pamoja pale ilipopenya. Kama alitumiwa na mtu, hiyo haikuwa bahati mbaya: hifadhi ujumbe na uuripoti.